Sentimita, milimita na mtoto mwenye rula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi wanaosaidia kazi za nyumbani na walimu wanaofundisha vipimo vya urefu kwa mara ya kwanza, kwa watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili hivi. Yamepangwa kuanzia rula yenyewe, kisha kubadili vipimo, na mwisho yale ya pembeni ambayo hayakosi kujitokeza. Kama mtoto tayari analia juu ya daftari la hesabu, ruka moja kwa moja hadi swali la 9.

## Mwanzo

1. Nianze na sentimita au milimita?

Anza na sentimita. Ni kubwa kiasi cha kuonekana na kuguswa: inakaribia upana wa ukucha wa kidole kidogo cha mtu mzima, na mtoto anaweza kuzihesabu moja moja bila kukodoa macho. Milimita kwa mtoto wa miaka sita ni msitu wa mistari tu.

Wakati wa milimita hufika wenyewe, siku mtoto anapopima penseli na kukuta haiishii penye mstari wa namba. Atakwambia "sentimita saba na kidogo". Hicho "kidogo" ndicho kinachohitaji jina. Ukimpa milimita kabla hajaihitaji, inakuwa neno la kukariri tu.

2. Kuna haja gani ya kupima kwanza kwa shubiri, vijiti au vifuniko vya chupa?

Haja ipo, ila usikae hapo wiki nzima. Kwa kupanga vijiti vya kiberiti kandokando ya kitabu, mtoto hugundua jambo ambalo rula humficha: kupima ni kurudia kipande kilekile toka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha mwanya na bila kupandisha kimoja juu ya kingine. Asiyejua hilo huichukulia rula kama kifaa kinachotema namba.

Halafu pima naye meza ileile kwa shubiri. Yeye atapata kumi, wewe utapata saba. Nani mkweli? Wote wawili, na hapo ndipo anapoona kwa nini watu walihitaji kipande kimoja kwa wote. Ufaransa ilianza kukitafuta miaka ya 1790: mita iliamuliwa kuwa sehemu moja kati ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, na mwaka 1799 ikahifadhiwa kama ufito wa platini. Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini mkataba wa mita jijini Paris. Tangu 1960 ufito hauna kazi tena, na tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Watoto wa miaka kumi huipenda sana namba hiyo. Wa miaka saba watosheke na hadithi ya ufito.

3. Kwa nini majina ya vipimo yanamchanganya?

Kwa sababu vipande vya majina hayo tunavitumia kwa mambo mengine. "Kilo" katika mazungumzo yetu ni uzito, kwa hiyo kilomita humfanya mtoto afikirie mizani. Kumbe kilo ni elfu tu: gramu elfu, mita elfu. "Mili" nayo humkumbusha milioni, na hapo anaamini milimita ni kitu kikubwa au kwamba ziko milioni ndani ya mita. Ziko elfu moja.

"Senti" ndiyo zawadi ya lugha yetu. Senti mia hufanya shilingi moja; sentimita mia hufanya mita moja. Hakuna haja ya kueleza zaidi ya hapo. "Desi" ni sehemu ya kumi (tazama swali la 12).

## Rula mkononi

4. Kila akipima anapata sentimita moja zaidi au moja pungufu. Tatizo ni nini?

Akipata moja zaidi, ama anaanzia kwenye 1 na kusoma namba ya mwisho, ama anahesabu mistari badala ya nafasi. Akipata moja pungufu, mara nyingi amejifunza "kutoa moja" kama dawa na anaitumia hata pale alipoanza vizuri kwenye sifuri. Makosa haya yote yana mzizi mmoja: hajajua sentimita yenyewe iko wapi kwenye rula.

Mwulize: "Nionyeshe sentimita ya kwanza." Wengi hugusa namba 1. Kumbe namba 1 ni mahali sentimita ya kwanza inapoishia. Sentimita yenyewe ni nafasi yote kutoka 0 hadi 1, kama vile mtu anavyotimiza mwaka mmoja baada ya kuuishi mwaka mzima. Mpe kalamu ya rangi apake nafasi ya kwanza nyekundu, ya pili bluu, ya tatu nyekundu tena, kwenye ukanda wa karatasi uliochorwa mistari kama rula. Kisha apime vitu kwa kuhesabu rangi.

Kipimo cha kujua kama ameelewa ni hiki. Weka kijiti kwenye rula kikianzia kwenye 3 na kuishia kwenye 8, umwulize urefu wake. Anayejibu 8 anasoma namba tu. Anayejibu 6 anahesabu mistari: tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Anayejibu 5 ameelewa. Ni swali dogo, la sekunde kumi, nami huliamini kuliko ukurasa mzima wa mazoezi. Kwa wanaokosa, rula iliyovunjika mwanzoni ni kifaa bora cha kufundishia, usiitupe.

5. Sifuri iko pembeni kabisa ya rula au ndani kidogo?

Inategemea kifaa, na mtoto lazima aangalie kila anaposhika kipya. Rula nyingi za shule zina milimita chache za plastiki au mbao kabla ya mstari wa sifuri, ili kona ikilika kipimo kisiharibike. Anayeanzia ukingoni hupata upungufu wa milimita hizo. Utepe wa fundi cherehani kwa kawaida huanza sifuri ukingoni kabisa.

Futi ya chuma inayojikunja ina ndoano mwanzoni, na ndoano hiyo huchezacheza. Watu wengi hudhani imelegea na huigongelea. Usiiguse! Imetengenezwa icheze kwa kiasi cha unene wake wenyewe: ukiivutia kwenye ukingo wa ubao hutoka, ukiisukumia ndani ya kona hurudi, ili sifuri ibaki sahihi kwa namna zote mbili.

6. Akiinamisha kichwa upande, namba inabadilika. Nimwambieje?

Atazame kutoka juu moja kwa moja, jicho likiwa sambamba na mstari anaousoma. Namba hubadilika kwa sababu rula ina unene, na mistari yake imekaa juu kidogo ya kitu kinachopimwa. Suluhisho jepesi ni kuisimamisha rula kwa ubavu wake ili mistari iguse kitu chenyewe. Kwa sentimita kosa hili halionekani sana. Kwa milimita laweza kukupa moja au mbili za uongo.

7. Kitu kimeishia katikati ya mistari miwili ya milimita. Aandike nini?

Aandike milimita iliyo karibu zaidi. Ikiwa katikati kabisa, kubalianeni mapema kwamba mnachukua ya juu, basi. Nusu milimita kwenye rula ya shule ni ubishi usio na faida, kwa kuwa mstari wenyewe una unene unaoonekana.

Kitu cha maana zaidi ni kumzoesha kwamba yeye na mwenzake wakipata 64 na 65 kwa kitabu kimoja, hakuna aliyekosea. Wapime tena, walinganishe. Wakipata 64 na 74, hapo kuna aliyeteleza: pengine amehesabu vibaya mistari mirefu ya tano tano. Tofauti ya kumi kamili ni dalili ya kosa la kusoma. Tofauti ya moja ni kawaida ya kupima.

8. Kitu chenyewe kimepinda au ni cha duara. Rula inasaidiaje?

Kwa mstari uliopinda, tumia uzi usiovutika. Ulaze juu ya mstari, weka alama kwa kalamu, unyooshe kando ya rula. Uzi wa sufu haufai, unarefuka ukiuvuta.

Kwa upana wa mpira au kifuniko, weka kitu hicho kati ya vitabu viwili vigumu vilivyosimama sambamba, kisha upime nafasi kati ya vitabu. Mtoto akijaribu kushikilia rula juu ya mpira na kukisia kwa jicho, kila jaribio litampa namba yake.

## Kubadili vipimo

9. Anachanganya lini azidishe na lini agawanye. Nifanye nini?

Acha kwanza maneno "zidisha" na "gawanya". Mwulize swali moja tu kabla hajagusa kalamu: vipande vitakuwa vingi zaidi au vichache zaidi?

Urefu wa penseli haubadiliki kwa sababu sisi tumebadili neno. Ilikuwa mezani, bado iko mezani. Kilichobadilika ni ukubwa wa vipande tunavyoihesabia. Tukitumia vipande vidogo, vinahitajika vingi. Tukitumia vikubwa, vinatosha vichache. Penseli ya sentimita 14 ikihesabiwa kwa milimita, kila sentimita moja inavunjika kuwa kumi, kwa hiyo tunapata 140. Namba imekua, penseli ni ileile.

Mtoto anayegawanya hapa hakosi akili. Mawazo yake huwa haya: milimita ni ndogo, basi jibu liwe dogo. Yana mantiki, na ukimwambia tu "hapana, zidisha" atakariri na kesho atageuza tena. Mpe ndoo, kikombe na kijiko. Ndoo inajazwa kwa vikombe vichache, au kwa vijiko vingi mno. Kijiko ni kidogo, ndiyo maana vinakuwa vingi. Ajaze kweli, achoke kweli. Baada ya kijiko cha arobaini hivi hatasahau.

Kisha mrudishe kwenye rula na utaratibu huu uwe wa kila siku: anasema "vingi" au "vichache", anabadili, halafu anahakikisha kwenye rula. Milimita 35 ni sentimita ngapi? Vipande vikubwa zaidi, kwa hiyo vichache. 3.5. Angalia kwenye rula: sentimita tatu na mistari midogo mitano. Ndiyo. Akiandika 350, neno "vichache" alilolitamka mwenyewe ndilo litakalomsuta, wewe hutahitaji kusema lolote.

Kosa ambalo sisi watu wazima hufanya ni kuiondoa rula mezani mara tu "kubadili vipimo" kunapoanza, kana kwamba ni somo jingine. Iacheni hapo mpaka mwisho.

10. Je, nimfundishe kwamba kuzidisha kwa kumi ni "kuongeza sifuri"?

La. Njia hiyo hukubaliana na 14 kuwa 140, halafu siku moja mtoto anakutana na sentimita 3.4, anaongeza sifuri, anaandika milimita 3.40 na kuendelea kwa furaha. Hajapata hata chembe ya shaka, kwa sababu alitii kanuni.

Tumia safu za thamani ya nafasi: makumi, mamoja, sehemu za kumi. Tarakimu zote huhama nafasi moja kwenda kushoto. Ile 3 inakuwa makumi, ile 4 inakuwa mamoja, jibu 34. Wapo wanaopenda kusema "sogeza nukta". Jibu ni lilelile, ila mtoto husahau upande wa kusogeza, na kulikumbuka hilo peke yake ni kazi nyingine. Swali la 9 linamwambia upande.

11. Na ile ngazi ya kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita?

Ni nzuri kama kifaa cha kuhakikishia. Kila daraja ni kumi. Kutoka mita hadi milimita ni madaraja matatu, yaani kumi mara kumi mara kumi, elfu moja. Mtoto wa miaka tisa na kuendelea huichora pembeni mwa daftari na kuhesabu hatua.

Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi hata kwa asiyeelewa chochote. Nimeona watoto wakipanda na kushuka ngazi kwa usahihi kabisa na bado hawawezi kuonyesha kwa vidole milimita 30 ni kiasi gani. Ichelewesheni. Hektomita na dekamita hazihitaji mazoezi yake zenyewe. Zinakaa pale kushikilia madaraja.

12. Desimita haitumiki popote. Kwa nini nimfundishe?

Ni kweli, huwezi kusikia mtu akisema meza yake ina desimita saba. Lakini bila hiyo, mtoto anaruka kutoka mita hadi sentimita kwa hatua ya mia moja, na kutoka sentimita hadi milimita kwa hatua ya kumi, akishangaa kwa nini hazilingani. Mkatie kamba ya mita moja na vipande kumi vya karatasi ngumu, kila kimoja sentimita kumi. Apange vipande hivyo kando ya kamba. Mita ni vipande kumi, kipande ni sentimita kumi, sentimita ni milimita kumi. Kumi, kumi, kumi.

Kuna faida mbili nyingine. Mchemraba wenye desimita moja kila upande hubeba lita moja sawasawa. Na desimita ndiyo inayookoa watu katika swali linalofuata.

13. Sentimita 3 na milimita 4 ni 3.4. Mbona mita 2 na sentimita 5 si 2.5?

Hili ndilo kosa gumu kuliko yote, na watu wazima pia hulifanya.

Katika sentimita 3 na milimita 4, milimita ni sehemu za kumi za sentimita, kwa hiyo nafasi ya kwanza baada ya nukta ni yao. Katika mita 2 na sentimita 5, sentimita ni sehemu za *mia* za mita. Nafasi ya kwanza baada ya nukta ni ya desimita, na desimita hapa hakuna hata moja. Lazima ikaliwe na sifuri: mita 2.05. Ukiandika 2.5 umesema mita mbili na nusu, yaani mita 2 na sentimita 50. Umeongeza sentimita 45 zisizokuwepo.

Chora safu nne, mtoto ajaze bila kuacha tupu:

| Urefu | m | dm | cm | mm | Kwa mita |
|---|---|---|---|---|---|
| mita 2 na sentimita 5 | 2 | 0 | 5 | 0 | 2.05 |
| mita 2 na sentimita 50 | 2 | 5 | 0 | 0 | 2.5 |
| mita 2 na milimita 5 | 2 | 0 | 0 | 5 | 2.005 |

Mfano unaogusa zaidi ni kimo chake mwenyewe. Mtoto mwenye mita 1 na sentimita 8 akiandika 1.8 amejifanya mrefu kuliko watu wazima wengi. Mweke ukutani, chora mstari kwenye 1.08 na mwingine kwenye 1.80, atazame juu. Huwa wanacheka, na kicheko hicho hukaa kichwani kuliko jedwali.

14. Anajumlisha na kutoa vipi penye sentimita na milimita pamoja?

Ageuze vyote viwe milimita, afanye hesabu, arudishe. Sentimita 5 na milimita 3 toa sentimita 2 na milimita 8: ni 53 toa 28, inabaki milimita 25, yaani sentimita 2 na milimita 5.

Akipenda kukopa kwa safu, ajue anakopa nini. Sentimita moja iliyokopwa inakuja na milimita kumi, mita moja iliyokopwa inakuja na sentimita mia. Watoto hukopa kumi kila mahali kwa mazoea ya hesabu za kawaida, kama wanavyokosea kwenye saa, ambako saa moja iliyokopwa huja na dakika sitini.

15. Kuna vitu vyenye vipimo vinavyojulikana ambavyo anaweza kujihakikishia?

Vipo vingi, na vinampa mtoto raha ya kujua amepatia bila kumwuliza mtu:

- Karatasi ya A4: milimita 210 kwa 297.
- Kadi ya benki: milimita 85.6 kwa 54 hivi, unene wa robo tatu ya milimita.
- Diski ya CD au DVD: upana milimita 120, unene milimita 1.2.
- Mpira wa tenisi ya meza: upana milimita 40 (njia iko swali la 8).

Kwa A4 mwambie aandike urefu uleule kwa njia tatu: milimita 297, sentimita 29.7, mita 0.297. Kisha aikunje katikati. Nusu ya 297 ni 148.5, lakini A5 rasmi ni 148 tu, kwa kuwa wenye kanuni waliitupa nusu milimita. Mtoto mdadisi ataiulizia nusu hiyo, nawe mkumbushe swali la 7.

16. Anafaulu mazoezi yote ya kubadili, lakini anasema mlango una sentimita 20. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu anabadili namba bila kuona urefu. Dawa yake ni kukadiria kabla ya kupima, kila mara, hata kama ni kwa mzaha. Kitu, makadirio, kipimo halisi, tofauti: safu nne kwenye daftari. Asifute makadirio mabaya. Furaha iko katika kuona safu ya mwisho ikipungua kadiri siku zinavyokwenda.

Mpe pia vipimo vya mwili wake: upana wa kidole gumba, shubiri, hatua moja, urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Avipime mwenyewe na kuvikariri kwa sentimita. Baada ya miezi michache avipime upya, maana anakua, na shubiri ya zamani itamdanganya.

## Mambo ya pembeni

17. Anataka kupima unene wa karatasi moja. Rula haitoshi?

Kwa karatasi moja haitoshi, kwa karatasi mia inatosha. Azipange, asizikandamize sana, apime kwa milimita, agawanye kwa mia. Karatasi za kawaida za kuchapishia mia moja hufika karibu milimita 10, kwa hiyo moja ni karibu milimita 0.1. Ujanja huohuo hufanya kazi kwa sarafu, mbegu na waya: waya uzungushwe kwenye penseli mizunguko ishirini iliyobanana, apime upana wote, agawanye kwa ishirini.

Akiuliza kuna nini chini ya milimita, jibu ni mikromita, sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi hiyo ina mikromita mia hivi.

18. Nimechapisha rula kutoka kwenye kompyuta. Naweza kuiamini?

Ihakikishe kwanza. Programu nyingi huipunguza picha kidogo ili ienee kwenye ukurasa, na sentimita 20 zinakuwa 19 na kitu. Chagua kuchapisha kwa asilimia 100, kisha weka kadi ya benki juu yake: upande mrefu usome milimita 85 na nusu hivi.

19. Upande wa pili wa rula yake una inchi. Nimweleze?

Mwambie ni kipimo kingine, kisha ufunike upande huo kwa gundi ya karatasi mpaka sentimita zizoeleke. Akisoma upande usio wake hupata namba ndogo ya ajabu na hajui imetoka wapi. Akishakomaa, inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959 ya nchi zilizokuwa zikiitumia. Vijisehemu vyake hugawanywa kwa nane au kumi na sita, kwa hiyo ufundi wote wa kumi kumi hauna kazi pale.

20. Aandike sm 5, cm 5 au 5 cm?

Vitabu vingi vya Kiswahili huandika "sm 5", kipimo mbele ya namba kama tunavyotamka. Alama ya kimataifa ni cm, na huandikwa baada ya namba kukiwa na nafasi kati yao: 5 cm. Afuate kitabu chake, ila aitambue ile nyingine akiiona, na asichanganye zote mbili katika zoezi moja. Alama haiwekwi nukta ya kufupisha, na herufi ni ndogo. M kubwa mwanzoni mwa kipimo maana yake ni milioni.

21. Sentimita ya mraba moja ni milimita za mraba kumi, sivyo?

Sivyo, ni mia moja. Achore mraba wa sentimita moja kila upande, akubali kwamba kila upande una milimita kumi, kisha afikirie safu kumi zenye vijiraba kumi kumi. Karatasi ya milimita huonyesha jambo hili bila maneno. Kwa mchemraba ni kumi mara kumi mara kumi, yaani milimita za ujazo elfu moja. Usiingie huku kabla swali la 13 halijatulia.

22. Mtoto wangu haoni vizuri. Atapimaje?

Zipo rula zenye mistari iliyoinuka inayosomwa kwa vidole. Ukikosa, kata ukanda wa kadibodi ngumu, ukate pengo dogo ukingoni kila sentimita na pengo refu zaidi kila sentimita ya tano. Ubandike kipande cha mbao kwenye sifuri ili kitu kinachopimwa kigote hapo. Hatahitaji kukitafuta mwanzo. Milimita kwa vidole ni ngumu, kwa hiyo afanye sentimita na nusu sentimita, na kubadili afanye kwa vipande vya swali la 12, ambavyo hata wanaoona vizuri huvielewa zaidi wakivipanga macho yakiwa yamefumbwa.